Baba wa Bibi Harusi wa Ponta do Jucá

Jina lake hasa lilikuwa Torleif Drageset, ila Ponta do Jucá hapakuwa na mtu aliyeweza kulitamka bila kujing'ata ulimi. Wiki ya kwanza alikuwa Tolefi. Ya pili akawa Tole. Kufikia mwezi wa tatu wakamtangulizia Seu, kama wanavyomfanyia kila mwanamume mwenye mvi, na Edilânia, msichana wa duka la dawa, akawa anaandika "Seu Tole" kwenye kadi yake ya presha pasipo hata kumwuliza. Naye akalipokea. Mtu wa miaka sitini na minane aliyeacha nchi, lugha na kaburi la mkewe, jina litamshinda nini?

Kwao Norwei alikuwa fundi wa mitambo kwenye kivuko. Miaka thelathini na minne alishinda chini ya sitaha, masikio yameziba kwa mngurumo, miguu ndani ya buti zilizolowa. Alipostaafu, magoti yalikuwa yamekwisha. Daktari akamwambia atafute jua. Mkewe Solveig alikuwa ameshafariki, na nyumba ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, kwa hiyo akaiuza. Kosa halikuwa kuiuza. Kosa lilikuwa kwamba binti yake wa pekee, Ingvild, aliyezaliwa kwenye chumba cha juu cha nyumba ile na kumuuguza mama yake katika chumba hichohicho, aliambiwa baada ya karatasi kutiwa saini.

"Ungenipigia tu," Ingvild alisema siku ile. Hakupiga kelele. Torleif angependa apige kelele.

Basi akaja Brazili na masanduku mawili, akanunua kijumba cha ukuta wa kijani, safu ya pili kutoka mchangani. Magoti yakapona nusu. Moyo ulibaki palepale ulipokuwa.

Jirani yake alikuwa Dona Neuma, mjane mnene mwenye sauti ya kuita mbuzi, aliyeuza tapioka pembeni ya barabara tangu alfajiri, vile vichapati vya wanga wa muhogo, akivijaza nazi au jibini. Ni yeye aliyemfundisha kuishi. Jioni ya kwanza alimgongea mlango kwa mwiko.

"Gringo! Unafanya nini humo ndani?"

"Nakaa," alijibu kwa Kireno cha kitabuni.

"Hapa saa kumi na moja jioni watu wanakaa nje. Anayekaa ndani ni mgonjwa au mwizi. Wewe ni yupi?"

Akatoka na kiti. Tangu hapo kila jioni alikaa kwenye ukingo wa barabara pamoja na wenzake, akisalimiwa na kila apitaye, akiambulia neno moja katika matano. Walimpenda, na yeye aliona hivyo. Lakini kupendwa na watu usioelewa utani wao kuna upweke wake. Wote wanapocheka, unacheka nusu sekunde baada yao, na hiyo nusu sekunde unaijua wewe peke yako.

Ukutani alitundika saa mbili, moja ya pale na nyingine ya kwao, iliyotangulia masaa matano. Alikuwa akiinua macho katikati ya kumenya viazi, aseme moyoni: sasa kivuko cha saa nane kinaondoka gatini. Halafu anaendelea kumenya.

Mwaka wa tatu ikaja kadi ya Ingvild. Anaolewa mwezi wa Agosti. Chini ya maandishi ya kuchapwa alikuwa ameongeza kwa mkono: "Ningefurahi ukija." Torleif alikaa na kadi ile siku nne. Kisha akajibu kwamba daktari amemkataza safari ndefu ya ndege, goti halikunjiki. Goti lilikuwa linakunjika. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameinama kung'oa magugu uani kwa Dona Neuma.

Siku ya harusi alioga, akanyoa, akavaa suti ya sufu aliyoivaa siku ya kumzika mkewe, akafunga tai, akakaa kitini sebuleni. Joto lilikuwa la kuivisha yai. Alikaa hivyo kuanzia saa ile ambayo kule kengele ya kanisa ilikuwa inagonga hadi alipokadiria kuwa wameshakula keki. Dona Neuma alichungulia dirishani.

"Seu Tole, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

Akamtazama alivyolowa jasho. Hakuuliza la pili, na kwa Dona Neuma hiyo ilikuwa kama muujiza. Akaenda, akarudi na sahani ya samaki na wali, akaiweka dirishani, akaondoka.

Sasa wenyewe husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ponta do Jucá walichelewa. Ulifika mwaka wa nne ndipo wakampa kazi, na badala ya jembe walimpa gobore.

Ilikuwa hivi. Kila Juni, mkesha wa Mtakatifu Yohana, mtaa mzima huwasha mioto mbele ya nyumba, hula mahindi kwa kila namna ambayo mahindi yanaweza kupikwa, na hucheza ngoma ya jozi kwa jozi uwanjani. Kabla ya ngoma huwa kuna harusi ya mzaha. Bibi harusi ana mto tumboni, eti ni mimba, bwana harusi anataka kutoroka, na baba mtu anamleta kanisani kwa bunduki ya mti. Miaka kumi na tisa mfululizo baba alikuwa Seu Genival, kinyozi wa mtaa, mwembamba kama ufito, hodari wa kuchekesha. Mwezi wa Mei Seu Genival akaanguka na pikipiki, akavunjika mguu mahali pawili.

Jioni moja Dona Neuma, ambaye ndiye kiongozi wa ngoma, alisimama mbele ya viti, mikono kiunoni.

"Nimepata baba wa bibi harusi."

"Nani?" akauliza Edilânia. Yeye ndiye aliyekuwa bibi harusi mwaka ule.

Dona Neuma akanyoosha kidevu kuelekea kwa Torleif.

Mtaa ukalipuka kwa kicheko. "Huyo? Watu watadhani mtoto kazaliwa kwenye jokofu!" alipaza Seu Genival kutoka kitini mwake, mguu wa plasta juu ya ndoo. "Neuma, hata kupiga chafya anapiga kigeni!"

"Na wewe unapiga chafya kwa mguu mmoja," akamjibu. "Seu Tole, unakubali au unakataa?"

Torleif alikuwa ameelewa neno moja tu, harusi. Akauliza harusi ya nani, na Edilânia akamweleza polepole, akionyesha kwa mikono: mto, bunduki, padri mlevi. Ni ya kuigiza, Seu Tole. Mkesha wa Mtakatifu Yohana.

Mzee akakumbuka. Kwao pia mkesha ule huwashwa moto ufukweni, na katika vijiji vya magharibi watoto hufungishwa ndoa ya mchezo, msichana na mvulana, wakiongozwa na mpiga fidla. Ingvild alikuwa bibi harusi alipokuwa na miaka tisa. Kivuko kilikuwa gatini. Torleif alipanda juu kutoka kwenye mitambo, mikono imejaa grisi, akamwona binti yake kwenye jua lile linalochelewa kuzama, kichwani taji la karatasi ya dhahabu. Ingvild alikimbia kumwendea. Yeye akarudi nyuma hatua moja, akampungia kwa mbali, asije akalichafua gauni.

"Nakubali," alisema.

Mazoezi yakaanza, na mwalimu wake akawa yuleyule Seu Genival, maana maneno yalikuwa kichwani mwake na hayakuwahi kuandikwa popote. Kila alasiri Torleif alikwenda kinyozini, akasimama kati ya kioo na kiti.

"Rudia," Genival aliamuru. "'Kijana, uliingia kwangu kwa dirisha, leo utatoka kwa mlango wa kanisa! Leo utaoa, utake usitake!'"

"Kijana, uliingia kwangu kwa dirisha, leo utatoka kwa mlango wa kanisa. Leo utaoga, utake usitake."

Mteja aliyekuwa ananyolewa akaruka na povu lake.

"Utaoa! Si utaoga!"

"Ndivyo nilivyosema. Utaoga."

"Yesu wangu. Mtu anachukua binti ya watu na adhabu yake ni sabuni!"

Wakajaribu wiki mbili. Ulimi ulikataa. Dona Neuma alipokuja kusikiliza, alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaamua: "Acha hivyohivyo. Msimguse. Mwaka huu bwana harusi ataoga." Torleif naye, kwa mara ya kwanza tangu afike, alicheka pamoja nao, si baada yao.

Ila kulikuwa na kipande cha mwisho. Padri akishauliza, baba humshika bibi harusi mkono, humsukuma kwa bwana harusi na kusema: "Mchukue, na usinirudishie!" Kipande hicho Torleif alikisema vizuri kupita vyote, lakini kwa sauti ndogo. Genival alimkaripia apaze. Akapaza mara moja, mara ya pili ikashuka tena. Genival akamtazama kupitia kioo, akaacha.

Siku ikafika. Giza lilipoanza kuingia mioto ilikuwa imeshawaka mtaa mzima, moshi unachoma macho, vibendera vya karatasi vinapiga kelele juu ya kamba. Walimvalisha shati la viraka na kofia ya miyaa, wakamchora masharubu kwa mkaa. Harusi ilianza saa moja jioni. Torleif alijua pasipo kutazama saa yoyote kuwa kwao ni saa sita usiku na bado kweupe.

Aliingia uwanjani akimkokota bwana harusi kwa ukosi, gobore begani.

"Kijana! Uliingia kwangu kwa dirisha!"

"Eeee!" umati ukaitikia.

"Leo utatoka kwa mlango wa kanisa! Leo utaoga, utake usitake!"

Uwanja ukaanguka. Wazee walishikana mabega. "Aoge! Aoge!" wakaanza kuimba watu wa nyuma, na mtu akaleta beseni kweli. Edilânia alicheka hadi mto ukamshuka, akaupandisha, wakacheka upya. Padri mlevi akauliza anayemtoa binti huyu ni nani. Torleif akamshika Edilânia mkono.

Sasa alipaswa kumsukuma, na hakumsukuma.

Mkono ulikuwa wa moto, mdogo, umelowa jasho la kucheka. Watu wakangoja wakidhani ni kichekesho kingine. Mpiga kodiani akavuta sauti moja ndefu kumhimiza. Torleif akafungua mdomo, na Kireno chote kikaondoka, kila neno. Yaliyotoka yalikuwa maneno ya kwao, ya kijijini, lafudhi ambayo hata mtu wa mji mkuu wa nchi yake angeomba arudiwe. Alisema: "Nilipaswa kuja. Ningeweza kuja."

Hakuna aliyeelewa. Lakini kicheko kilikatika kuanzia mbele kwenda nyuma, kama maji yanavyofungwa.

"Seu Tole," Edilânia alinong'ona, "niachie." Kisha akautazama uso wake kwa karibu, masharubu ya mkaa yakichuruzika. "Au usiniachie. Subiri kidogo. Hatuna haraka."

Wakasimama hivyo. Halafu Dona Neuma akapuliza filimbi yake. "Jamani, baba kagoma! Anataka mahari ya ng'ombe! Bwana harusi, mchukue na baba mkwe pia!" Kodiani ikaanza, ngoma kubwa ikaitikia, jozi zikaingia uwanjani, na bwana harusi akawashika wote wawili, Edilânia huku na mzee kule, wakazunguka.

Baadaye kidogo Torleif alikaa kwenye gogo karibu na moto. Seu Genival akaja kwa magongo yake, akajishusha kwa shida pembeni, akampa hindi la kuchoma.

"Umeniharibia mwisho wangu," alisema.

"Nisamehe."

"Miaka kumi na tisa nasema 'usinirudishie' na watu wanacheka. Wewe umesema ya kwenu, na watu wakanyamaza." Akatafuna. "Una binti?"

"Ninaye. Aliolewa mwaka jana. Sikwenda."

Genival akatikisa kichwa polepole. "Wangu yuko São Paulo mwaka wa kumi na moja. Ameolewa hukohuko. Mimi nimemwoza binti mara kumi na tisa kwenye uwanja huu, Seu Tole, na wangu wa kumzaa nikamwona kwenye picha. Nauli ya watu wawili haikupatikana, na mke wangu alisema hawezi kwenda peke yake, nami sikutaka kwenda bila yeye." Akatema ganda la hindi motoni. "Na wewe, ilikuwa nauli?"

"Hapana," alisema Torleif. "Mimi nauli nilikuwa nayo."

Genival hakuondoka. Walikaa mpaka hindi likaisha.

Asubuhi mtaa ulinuka majivu. Torleif alikaa mezani, akaiweka simu mbele yake kama kitu kinachoweza kuuma, akabonyeza kinasa sauti. Alizungumza dakika sita. Alimwambia Ingvild kwamba goti halikuwa goti. Kwamba aliogopa kusimama mbele yake na kuona anamtazama kama siku ile ya nyumba. Alimsimulia suti ya sufu na lile joto. Alisema jana usiku amemwoza binti wa watu akashindwa kumwachia mkono. Hakuomba chochote. Mwishoni alitaka kuongeza neno la mapenzi, lakini katika familia yao hawakuwa wakiyasema, akabaki anahema kwenye simu, halafu akatuma.

Alama zikaonyesha Ingvild ameusikiliza ujumbe. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu Dona Neuma akamwambia sura yake imekuwa kama kitambaa cha kufutia sufuria, akamlazimisha kula. Siku ya nne, mkesha wa Mtakatifu Petro, watu wakipanga kuni upya, ujumbe ukaingia, wa maandishi: "Nimesikia. Nimesikia mara tatu. Bado nina hasira, baba. Mtoto anazaliwa Novemba. Ukija kuna godoro sebuleni."

Alikwenda. Edilânia alimpimia presha asubuhi ya safari na kumjazia mfuko wa dawa, akamwambia akifia angani atamfuata huko huko. Siku nane za mwanzo yeye na binti yake walizungumza habari za hali ya hewa na nepi. Ya tisa Ingvild, tumbo limefika kwenye usukani, alimpeleka kwa gari hadi mbele ya nyumba ya zamani. Hawakushuka. Theluji ilikuwa inadondoka polepole. Wenye nyumba wapya walikuwa wamepaka rangi.

"Njano," alisema Ingvild.

"Naona."

"Mama angetapika."

Torleif alijaribu kujizuia, akashindwa. Wakacheka wote wawili ndani ya gari hadi vioo vikafunga ukungu, na katikati ya kicheko Ingvild akawa analia, na yeye safari hii hakurudi nyuma.

Mtoto alizaliwa wiki iliyofuata, wa kike, wakamwita Ragna. Alimpakata kila alasiri dirishani. Magoti yalimwuma vibaya mno na hakumwambia mtu. Mwezi wa Januari ulipofika alikuwa hawezi tena kushuka ngazi, na ni Ingvild mwenyewe aliyesema: "Rudi kwenye jua, baba. Rudi, lakini upige simu." Kwenye uwanja wa ndege Ingvild alimfunga vifungo vya koti kimoja kimoja, toka chini hadi shingoni, kama anayemvalisha mtoto wa shule. Torleif alimwacha afunge vyote. Kwenye ndege hakuvifungua hadi wakavuka bahari.

Alifika Ponta do Jucá adhuhuri, jua la wima, koti mkononi. Hakuwa amefungua hata geti.

"Kilo ngapi?" Dona Neuma alipaza sauti kutoka kwenye meza yake ya tapioka.

"Tatu na gramu mia nne."

"Tatu na mia nne!" akautangazia mtaa. "Msichana! Mzima! Mnasikia huko?"

Milango ikafunguka. Edilânia akatoka duka la dawa na koti lake jeupe, Seu Genival akaja akichechemea, wembe mkononi, mteja nusu uso ukiwa na povu akimfuata. Wakataka picha. Torleif akawaonyesha kwenye simu; Dona Neuma akaichukua kwa vidole vya unga, akaitazama, akambusu mtoto juu ya kioo, akampa Edilânia. Edilânia akampa jirani. Simu ikaondoka, ikapita mkono hadi mkono kuelekea chini ya barabara, kila mtu akisema lake: kachukua pua ya babu, maskini; hapana, huyu ni mzuri; mbona mweupe hivi, mnampa mwanga kweli?

Torleif alibaki getini. Alikuwa ameitazama picha ile angani usiku kucha, na bado sasa, dakika tatu tu tangu imtoke mkononi, alikuwa ananyoosha shingo juu ya vichwa vya watu kuona imefika wapi, na lini wataigeuza irudi.